Usianze Kabla ya Mtakatifu Nikola

21 Oktoba

Kaka Lachezar,

Pokea salamu zetu kutoka huku bondeni. Sisi wazima, kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa mzima mvua ikinyesha wiki nzima. Pilipili tumeshachoma, tumemenya, tumefunga kwenye chupa za majira ya baridi. Mikono yangu bado inanuka moshi, na nadhani hata karatasi hii itakufikia na harufu. Baba mkwe mguu unamsumbua lakini fimbo haitaki. Mama mkwe anakusalimu, anauliza kama huko monasterini mnakula nyama. Nilipomwambia hamli kabisa alijishika shavu, akasema basi ndiyo maana hamuoi.

Mume wangu Yavor bado yuko Ujerumani. Kazi nyingi.

Sasa neno lenyewe. Tangu mwanangu Kaloyan agundulike ana kisukari, amebandikwa mkononi kile kidude kinachopima sukari, nacho kinazungumza na simu. Sukari ikishuka, simu inalia. Simu yenyewe ni ile ya zamani uliyotuachia, pamoja na kompyuta, ulipofunga kibanda chako cha ufundi mjini Sofia. Juma lililopita ilianza kuandika ujumbe mwekundu: programu ya kupimia itaacha kufanya kazi humu mwisho wa Januari, kwa sababu mfumo wa simu umezeeka. Nesi wa kliniki ameniambia nitafute simu nyingine, kama mtu anavyokwambia utafute mwavuli mwingine. Simu nyingine haipo, na usiniulize kwa nini haipo. Mimi mwenyewe natumia kitochi.

Nakumbuka watu walikuletea simu za kutupwa ukaziflashi, ukaziwekea mfumo mpya unaotengenezwa na wale watu wa mtandaoni, zikaondoka pale kama zimezaliwa jana. Njoo unifanyie hii moja. Siku mbili tu. Kama hawakuruhusu, nifundishe kwa barua. Maelekezo yote mtandaoni ni ya Kiingereza, na Kiingereza changu kiliishia shuleni. Fundi wa mjini nimempelekea. Aliigeuza mkononi akasema, "Dada, hii peleka makumbusho." Wateja wakacheka, nikacheka nao, kisha nikaenda kulia kituo cha basi.

Naogopa, kaka. Nikikosea simu ikafa, nitajuaje mtoto anashuka? Wenzake wa kliniki husema wanasikia njaa au wanatetemeka. Kaloyan hasemi kitu. Ananyamaza tu, kama taa inayopunguzwa.

Mdogo wako,
Ralitsa


28 Oktoba

Mdogo wangu Ralitsa,

Amani iwe nyumbani kwenu na juu ya kichwa cha mpwa wangu. Barua yako nimeisoma kwa macho na kwa pua. Pilipili kweli zimefika. Mimi nimepangiwa jikoni, namenya vitunguu kwa ajili ya watu wengi, na paka wa hapa amezaa ndani ya sanduku la mishumaa. Mwambie mama mkwe wako samaki tunakula siku za sikukuu.

Umeuliza kama nitaruhusiwa kuja. Mizeituni bado haijaisha kuchumwa, na mvua imeanza.

Woga wako ushike, usiutupe. Walioua simu pale kibandani kwangu walikuwa wasioogopa. Toa betri, chini yake kuna kibandiko chenye namba ya aina ya simu. Inakili herufi kwa herufi, hata ile ya mwisho unayoiona haina maana, kwa sababu simu mbili hufanana kama mapacha na mfumo wa moja ukaiua nyingine. Pakua faili kwenye ukurasa wa watengenezaji wenyewe tu. Kila faili lina mstari mrefu wa tarakimu na herufi, ambao ndio alama yake ya kidole. Ulinganishe na ule kompyuta itakaokutolea. Ukitofautiana popote, futa faili hilo, pakua upya. Hamisha kila kitu unachokitaka, maana kufungua kufuli la ndani, lile linalozuia mfumo mpya usiingie, kunafuta simu nzima. Chaji mpaka ijae. Tumia waya mzima, uchomekwe kwenye kompyuta yenyewe. Na kompyuta ikishaanza kuandika mfumo mpya, usiguse, usichomoe, hata nyumba ikiungua. Hatua zenyewe nimekuchorea kwenye karatasi ya pili, pamoja na vitufe.

Lakini usianze bado. Programu nyingine za hospitali hukataa simu iliyobadilishwa. Padri Gavril anakwenda mjini Thesaloniki kung'olewa jino, nimemwomba aingie mtandaoni aulize kama wapo waliofaulu kwa simu hii na kidude hicho. Kukiwa na ubaya nitakuandikia mapema, barua ikupate kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Nikola. Sikukuu ikifika bila barua yangu, ujue njia ni nyeupe, anza siku hiyo. Usianze kabla ya Mtakatifu Nikola.

Yavor anasemaje kuhusu jambo hili? Hukuandika.

Kaka yako,
Lachezar


20 Novemba

Kaka Lachezar,

Salamu, na pole kwa vitunguu. Barua yako ya tarehe 28 Oktoba ilifika jana. Sijui posta ya huko inabebwa na kobe. Kwetu theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka. Kaloyan anawatungia paka wako majina, mmoja anataka aitwe Trekta.

Yavor hajambo.

Nimetoa betri kama ulivyosema. Ile herufi ya mwisho nilikuwa nimeiruka kweli, nimerudia. Faili nimepakua, la mwezi huu, na alama yake ya kidole imelingana, nimeisoma kwa sauti huku Kaloyan akinifuatisha kwa penseli. Kompyuta yako inawaka, ila betri yake imekufa: ukichomoa waya wa umeme inazima papo hapo. Nadhani hiyo haina neno maadamu sitachomoa.

Mama mkwe haamini lolote katika haya. Anasema zamani watoto walilelewa na mama na siku hizi wanalelewa na kengele. Yeye usiku analala.

Nitaanza siku ya Mtakatifu Nikola kama ulivyosema. Nimeshaizungushia duara kwenye kalenda ya jikoni.

Ralitsa


7 Desemba

Kaka,

Wazima wote. Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Jana ilikuwa sikukuu. Barua yako haikuja, kwa hiyo nikajua njia ni nyeupe. Kosa langu ni kwamba nilifikiria mtakatifu, sikumfikiria baba mkwe, naye jina lake ni Nikola. Unajua sikukuu ya mtakatifu wa jina lako haialikwi mtu, watu wanakuja tu. Mama mkwe alikuwa ameweka samaki ndani ya jiko la umeme tangu asubuhi, samaki mkubwa wa kujazwa karanga za miti na wali, na mikate miwili inangoja zamu. Nikajifungia chumba cha nyuma na simu, kompyuta na karatasi yako. Nilimwomba Kaloyan acheze mezani kwa wageni, mahali penye macho ya watu.

Kufuli la ndani lilifunguka. Simu ikajifuta, kama ulivyosema. Kuanzia hapo kidude cha mkononi kilikuwa kinaongea peke yake, hakuna wa kukisikia. Nilikuwa nimempima kidole kabla, sukari ilikuwa nzuri, nikasema muda mfupi hauna madhara. Nikabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kujaa.

Wageni waliingia kwa mkupuo, na jirani yetu Tsvetan mbele yao, ameshika chupa ya rakia, ile pombe kali ya matunda, na shangazi yake mwenye baridi yabisi. Nilisikia mama mkwe akisema shangazi anaganda, leteni ile hita ya barazani. Nilifungua mdomo kusema msiwashe. Sijui kama sauti ilitoka. Nyumba nzima ikazima. Kompyuta ikazima. Nikakaa gizani, mchana kweupe, madirisha ya nyuma tumeyafunga kwa ajili ya baridi, nikasikia Tsvetan anacheka huko: "Nikola, mtakatifu wako hakulipa umeme?"

Walirudisha swichi. Taa zikawaka, jiko likawaka, wakashangilia. Simu haikuwaka. Nilibonyeza, nikabonyeza, nikaiwasha kwa machozi na kwa matusi. Nyeusi. Tofali.

Sijui nilikaa nayo kiasi gani. Nilichogundua ni kwamba sisikii sauti ya Kaloyan. Nikatoka. Watu kumi mezani, kila mtu anakula, kila mtu alidhani mwenzake anamwangalia. Alikuwa chini ya meza katikati ya viatu vya wageni, ameegemea mguu wa kiti, jasho linamtoka kama aliyemwagiwa maji, macho yako wazi. Nilimwita, hakugeuka. Mtu mmoja akasema, "Mwache, amelewa na sherehe." Nilimpaka asali ndani ya shavu kwa kidole changu, kidogo kidogo, nikimsugua koo. Hakuna aliyecheka tena. Baba mkwe alipiga magoti na mguu wake mbovu akawa ananishikia taa, ingawa taa zilikuwa zinawaka.

Alirudi. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba hataki asali, anataka ngozi ya samaki.

Sasa nampima kidole mchana kutwa na usiku ninakaa. Nikisinzia naota ninahesabu pumzi zake, nikiamka nazihesabu kweli. Niandikie nifanye nini. Nilipiga simu kwa kitochi mpaka ofisi ya getini kwenu. Padri aliyepokea alisema wanaojifunza utawa hawaitwi simuni isipokuwa kwa msiba. Nikamwambia bado. Akasema basi atakuombea. Nikamwambia asante.

Ralitsa


25 Novemba, ambayo kwenu ni 8 Desemba

Mdogo wangu Ralitsa,

Sina salamu ndefu leo. Nilikuwa namenya vitunguu asubuhi hii, mwenzangu akasema zimebaki siku chache kufika Mtakatifu Nikola na samaki hawajaagizwa. Kisu kikanianguka. Huku tunafuata kalenda ya kale, iko nyuma ya yenu kwa siku kumi na tatu. Nimeshaizoea kiasi kwamba sikukumbuka kukuambia. Mtakatifu Nikola wangu anaangukia tarehe 19 yenu. Wa kwenu alipita juzi.

Naomba uwe hukuanza. Naomba uwe ulichelewa, mtoto alikuwa na mafua, mvua ilikata mtandao, chochote.

Padri Gavril alirudi jana. Waliofaulu wapo wengi na programu ya kupimia inaikubali simu hiyo. Lakini faili la Novemba, lile ulilopakua, lina kasoro: simu inakisahau kidude kila mara na haisemi kwamba imekisahau. Mnyamazo huo ndio mbaya kuliko kufa. Tumia faili la Septemba. Na umeandika kwamba kompyuta haina betri. Ralitsa, hiyo ina neno, tena kubwa. Usiwashe jiko, usiwashe hita, usiwe na wageni.

Kukwambia kwamba kimya changu kimaanishe ndiyo lilikuwa jambo la kijinga. Namtazama yule aliyeandika vile nashindwa kuamini ni mimi.

Lachezar


18 Desemba

Kaka,

Barua yako ya kalenda ya kale imefika leo. Unayoyakataza nilishayafanya yote, kwa mpangilio huohuo.

Sikukasirikii. Sina nguvu za kukukasirikia. Lakini usiniandikie tena kuhusu kisu kilichoanguka. Niandikie vitufe. Kama tofali hili linaamka, niambie linaamkaje. Kama haliamki, sema haliamki, nitafute njia nyingine kabla sijaanguka mimi. Jana nilisinzia nimesimama nikimpakulia baba mkwe supu, nikammwagia magotini. Alinitoa kijiko mkononi akaenda kukaa na Kaloyan.

Ralitsa


7 Desemba, kwenu tarehe 20

Mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe 7 niliipata jana mchana.

Uliloomba kwanza. Simu yako haijafa. Sikuandikii hivi ili kukutuliza. Nimeziona nyingi za namna hii. Ilikatizwa ikiwa inaandikwa mfumo, na mahali panapoandikwa mfumo si mahali pa kuamkia. Toa betri, iache nje kidogo, irudishe. Shikilia kwa pamoja kitufe cha kupunguza sauti, cha katikati, na cha kuwashia. Usiachie upesi. Ukiona skrini imeandika onyo, basi iko hai, na hilo onyo lifurahie kama salamu. Hapo rudia kutoka hatua ya tatu kwenye karatasi yangu, kwa faili la Septemba, alama ya kidole ukiwa umeilinganisha upya. Chagua siku ya kawaida isiyo ya mtakatifu yeyote mwenye jina humo ndani. Ikishawaka usilifunge tena lile kufuli la ndani, hapo ndipo wengi huua simu iliyokwisha kupona. Kisha wiki nzima usiiamini. Mchome kidole kama kwamba simu haipo, ulinganishe. Ikizimika kimya hata mara moja, irudishe kabatini, tutafute njia nyingine.

Ulipoomba nije, nilikujibu habari za mizeituni. Jana, baada ya barua yako, nilikwenda kwa mkuu wetu. Hakuuliza mengi, alinipa ruhusa na nauli. Nilishuka mpaka gatini na mfuko wangu. Kivuko kikaja, watu wakapanda, yule anayevuta kamba akanitazama, akasema, "Ndugu, unapanda au unatusindikiza?" Mguu haukunyanyuka, Ralitsa. Kikaondoka. Nikarudi juu kwa miguu. Ninaiogopa Sofia, ninamwogopa mtu niliyekuwa kule, na jana woga huo ulikuwa mkubwa kuliko mtoto wako. Nimeandika hivi kwa sababu wewe umeniandikia ya chini ya meza bila kuficha.

Nimekuuliza Yavor yuko wapi katika haya. Sasa sikuulizi tena. Nadhani nimejua.

Lachezar


26 Januari

Kaka yangu Lachezar,

Salamu nyingi kutoka kwa wote, na safari hii ni nyingi kweli, kila mtu amenituma zake. Baba mkwe amekubali fimbo. Theluji imefika madirishani. Kaloyan ameota jino jipya na ameling'oa la zamani kwa uzi na mlango, nikiwa sipo, kwa msaada wa bibi yake, na nimewasema wote wawili.

Yavor ana nyumba nyingine Ujerumani na mtoto njiani. Wakwe zangu walijua kabla yangu. Nimekuandikia mara moja na sitaandika tena.

Barua yako ya vitufe ilifika siku ya pili ya mwaka mpya. Nilitoa betri nikairudisha, nikashikilia vitufe vitatu mpaka vidole vikafa ganzi. Onyo likatokea. Nililisoma lote, lile onyo, neno moja moja, ingawa silielewi.

Sikuendelea siku ile. Nilingoja kesho yake, nikasimama jikoni nikawaambia wakwe zangu kwamba leo jiko haliwashwi, watu watakula mkate na jibini, na asiyetaka aende kwa majirani. Nilidhani mama mkwe atanirushia kitu. Alifunga kitambaa chake, akabeba kiti, akakiweka barazani chini ya swichi kubwa, akakaa. Baba mkwe akampakata Kaloyan na kile kipimo cha kidole, akawa anampima kila nilipomwambia. Tsvetan alikuja kugonga. Nilimsikia mama mkwe akimjibu bila kuinuka: "Leo hapokelewi mtu, hata akija mtakatifu mwenyewe." Nikaikalia mikono yangu isiguse kitu, nikatazama mstari wa kijani kama mtoto aliyeadhibiwa. Ukajaa. Simu ikajizima yenyewe, nikasema imekufa tena. Ikawaka.

Wiki nzima sikuiamini, na wiki ya pili pia. Nimelinganisha mpaka ncha za vidole vya Kaloyan zimekuwa ngumu. Ililia mara nne, na kila mara kidole kilikubali. Haijazimika kimya. Lakini usidhani woga umeisha. Nikiisikia inalia nakimbia kabla sijafikiri, na nisipoisikia kwa muda naitoa mfukoni niiangalie.

Kuhusu kivuko. Nimesoma pale mara nyingi kuliko pale pa vitufe. Nilikasirika siku mbili, nakwambia kweli. Kisha nikawaza: wewe ulirudi juu kwa miguu na ukakaa ukaniandikia, na kilichokuja kwenye bahasha ndicho kilichoiamsha hii simu. Basi kaa huko. Usipande kivuko kwa ajili yetu. Siku mguu ukinyanyuka wenyewe, njoo ule, hakuna cha kurekebisha.

Leo asubuhi nimempeleka Kaloyan darasa la awali. Tangu ile sikukuu hajaenda. Simu iko kwenye kijifuko tumboni mwake, mwalimu wake Bi Zhivka nimemfundisha yote na akanirudishia kwa mdomo kama mtihani. Nilimwacha mlangoni. Akaingia bila kugeuka. Mimi sikuondoka. Nilisimama nje ya ua kwenye theluji, wazazi wengine wakaenda kazini, mwosha ngazi akanizunguka na ufagio wake. Halafu nikaisikia, ndani, kupitia dirisha: inalia.

Nilishika geti. Sikulifungua. Sijui nilipata wapi nguvu ya kutolifungua. Ikalia, ikalia, ikanyamaza. Nikangoja. Dirisha likafunguliwa na Bi Zhivka akatoa kichwa, alijua kabisa nipo pale. Akasema, "Amekunywa juisi, mama Kaloyan. Anataka kujua kama utasimama hapo mpaka mchana, kwa sababu wenzake wanamcheka."

Nikarudi nyumbani. Mama mkwe alikuwa anakanda unga, akanitazama, akaendelea kukanda. Nikavua viatu, nikajilaza juu ya kitanda na koti langu, nikalala mpaka saa sita mchana.

Mdogo wako,
Ralitsa